Mwalimu anapolitweza somo la mwenzake

KATIKA shule ninayofundisha, si mbali na Feri, ofisi ya walimu ina matabaka yake. Wa Hesabu na Fizikia wakisema, wanasikilizwa. Wa Kiswahili huambiwa kuwa hata mpiga mnada wa samaki anaweza kulifundisha somo lake. Mimi wa Elimu ya Dini ya Kiislamu ni "ustaadh" tu, na nikidai kipindi changu kilichochukuliwa kwa marudio ya Hesabu, naulizwa kama maulidi yamekaribia. Shahada yangu ni ya chuo kikuu kama zao.

Ndugu msomaji, nami nimo. Mwaka jana niliwaambia vijana wa kidato cha pili kuwa kaburini hawataulizwa kanuni za Newton. Wakacheka. Mmoja, kijana hodari, alipoingia kidato cha tatu akaiacha Fizikia. Mzazi alipokuja kuuliza sababu, mtoto akanitaja mimi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaeleza katika Ihya Ulumid-Din kuwa ni wajibu wa mwalimu kutozitweza mbele ya wanafunzi elimu asizozifundisha yeye. Anamtaja mwalimu wa lugha anayeibeza fiqhi, na wa fiqhi anayebeza hadithi na tafsiri. Kumbe hata baina ya masheikh maradhi haya yalikuwepo! Humo humo anazihesabu tiba na hesabu kuwa faradhi kifaya, na anawalaumu waliojazana kwenye fiqhi ilhali iko miji ambayo matabibu wake ni wasio Waislamu tu. Lawama hiyo inanihusu mimi kuliko mwenzangu wa Fizikia.

Kisha ikaja mada ya mirathi. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mabinti wawili na mama. Robo, thuluthi mbili na sudusi: jumla 13 juu ya 12. Darasa likakwama, nikamwita mwalimu wa Hesabu. Nikamweleza kuwa mafaqihi huipandisha asili kutoka 12 hadi 13, ndiyo 'aul: mume 3, mabinti 8, mama 2. Akautazama ubao. "Kumbe ni uwiano, ustaadh," akasema, akachukua chaki. Hakuwa na habari kuwa al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka sehemu kubwa ya wasia na mirathi. Mimi nilikijua kitabu kwa jina. Aljebra yenyewe niliiacha sekondari.

Yule kijana nilimfuata kwao Kariakoo. Mwalimu wa Fizikia amekubali kumpokea, ila muhula mzima umempita, na sasa anamfundisha jioni baada ya Alasiri.