Mti wa Alama

Mji wa Bagamoyo uko katika pwani ya Tanzania, kuelekea kisiwa cha Unguja. Bahari yake haina kina kikubwa karibu na nchi. Maji yakijaa, mawimbi hufika karibu na minazi. Yakipwa, bahari huondoka mbali, ikaacha uwanja mpana wa mchanga, na vyombo vilivyokuwa vikielea hulala ubavu mahali pakavu. Kwa sababu hiyo tangu zamani wachukuzi wa mji huo walizoea kuingia majini na kupakua mizigo ya majahazi kwa mabega yao. Mtu wa bara afikapo huko mara ya kwanza hustaajabu. Bali mtoto aliyezaliwa Bagamoyo hastaajabu, kwa kuwa uwanja ule ndio kiwanja chake cha kuchezea.

Katika mji huo alikuwako mzee mmoja, fundi wa kuunda vyombo. Kila jioni, akiisha kuweka chini shoka na tezo, alikaa juu ya gogo, na wajukuu wake wakamzunguka.

Siku moja mjukuu mmoja alimwuliza, “Babu, zamani zenu mlicheza nini, nanyi hamkuwa na vitu vya dukani?”

Mzee akacheka, akasema, “Mjukuu wangu, duka letu lilikuwa mnazi na bahari, na mwenye duka hakutudai hata senti moja.”

Ndipo akawaeleza michezo ya utoto wake. Kifuu kilikuwa chungu cha wasichana waliocheza mapishi, na mchanga mweupe ulikuwa wali wao. Karara la mnazi likawa mashua ya watoto wadogo. Chelewa, yaani vijiti vya makuti, zilifungwa pamoja, zikabandikwa karatasi kwa uji mzito, zikawa tiara. Nazo tiara zilikuwa na majira yao. Tangu Desemba mpaka Machi pepo za kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na tiara huelekea bara, juu ya mapaa ya mji. Pepo za kusi zikiisha kuingia baada ya masika, tiara hugeuka na kufuata pwani upande wa kaskazini. Mtoto aliyerusha tiara mwaka mzima alijua pepo kabla hajasoma ramani.

Usiku wa mbalamwezi watoto walicheza kibe, wakijificha nyuma ya madau yaliyopandishwa pwani. Wasichana walicheza mdako: hutupa kijiwe juu, na kabla hakijaanguka huzoa vijiwe vingine shimoni, kisha hukidaka. Wavulana walishindana kwa korosho na kwa pia. Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa mchezo wa vingalawa.

Kingalawa kilichongwa kwa mti mwepesi, mfano wa ngalawa ya kweli. Kilikuwa na mlingoti, na tanga la kitambaa, na mirengu miwili, mmoja kila upande. Mirengu ndiyo inayozuia chombo chembamba kisipinduke. Mtoto aliyefanya mlingoti mrefu na tanga kubwa alipata mwendo wa kasi. Lakini kama mirengu ilikuwa mifupi, chombo chake kililala majini upepo ulipozidi. Hivyo mchezo huo ulikuwa shule. Yule mzee alisema kwamba ufundi wake wa kuunda vyombo hakuuanza kwa tezo, aliuanza kwa kisu kibutu na kipande cha mti.

Hata hivyo kila mchezo wa pwani una sheria moja, nayo ni kujua maji.

Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na karibu dakika 50. Kwa hiyo saa za maji hazilingani kila siku, bali huchelewa kidogo kidogo. Kinachovuta maji ni mwezi, na jua husaidia. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huwa katika mstari mmoja na dunia, na nguvu zao huungana. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, nayo huitwa maji ya bamvua. Tofauti ya maji makavu na maji makuu huweza kupita meta 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu mzima aliyeinua mikono. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hazivuti njia moja. Maji huenda na kurudi kidogo tu, nayo huitwa maji mafu.

Siku za bamvua, katika Bagamoyo, maji hupwa kabisa asubuhi, kati ya saa 4 na saa 5. Huo ndio wakati mzuri wa kutembea mbali na kuokota kombe. Kisha bahari hugeuka. Katika saa ya kwanza maji hupanda polepole, hata mtu akadhani kwamba yamesimama. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda mbio. Tena maji hayaji kwa mbele tu. Kati ya pwani na mafungu ya mchanga yaliyo mbali mna mabonde yaliyo chini kuliko mafungu yenyewe. Maji huingia kwanza katika mabonde hayo, na mtu aliyesimama juu ya fungu hukuta ameisha kuzungukwa, hali miguu yake ingali mikavu.

Mambo hayo mzee aliyajua kwa kusoma shuleni, lakini kwanza aliyajua kwa namna nyingine, nayo ni hii.

Alipokuwa na umri wa miaka 10, katika majira ya kusi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, alikwenda fungu la mbali pamoja na wavulana watatu kushindanisha vingalawa. Mama yake alikuwa amemwachia mdogo wake, mwenye miaka 6, akamwambia, “Mshike mkono mwenzio. Usimwache.” Na babu yake, aliyekuwa mvuvi, alimpa mti mnyofu wenye urefu wa dhiraa mbili, akasema, “Ukifika, uchomeke mti huu ukingoni mwa maji, kwenye bonde lililo nyuma yenu. Maji yakifika nusu yake, acheni mchezo mrudi. Baharini mtu hatazami maji yaliyo mbele yake peke yake. Hutazama na yaliyo nyuma yake.”

Kijana akafanya kama alivyoagizwa. Akauchomeka mti, kisha wakaanza kushindana katika ziwa dogo la maji lililobaki juu ya fungu. Mara ya kwanza chombo chake kilishinda. Mara ya pili upepo ulikuja kwa nguvu, ukauvunja mlingoti wake. Wenzake wakacheka, wakasema, “Chombo chako kimekuwa gogo!”

Akatafuta mti mwingine, asiuone, kwa maana juu ya fungu hapakuwa na kitu ila mchanga na magamba. Ndipo macho yake yakauangukia mti wa alama. Maji yalikuwa yamegusa mwisho wake tu. Akasema moyoni, “Maji yangali mbali. Nitautumia kidogo, kisha nitaurudisha.” Akaung'oa, akausimamisha katika kingalawa chake, akafunga tanga.

Chombo kikaenda kama mshale. Kikashinda mara ya tatu, na ya nne, na ya tano. Watoto wakapiga kelele za furaha, wala hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama nyuma.

Jua lilipokuwa limepita utosini, walisikia sauti ya kuita. Alikuwa msichana wa miaka 12, binti wa jirani, aliyekuwa akirudi na pakacha lake la kombe kutoka upande wa pili wa fungu. Wanawake waliokuwa pamoja naye walikuwa wametangulia kuvuka, naye alibaki nyuma kwa kuwa pakacha lilikuwa zito. Akawaambia, “Mnangoja nini? Tazameni bonde!”

Wakageuka. Pale walipopita asubuhi kwa miguu mikavu palikuwa na mto mpana wa maji, unaokwenda kwa nguvu. Yule mdogo akaushika mkono wa nduguye, akasema, “Kaka, tutapitaje?” Naye kaka yake hakuwa na neno la kujibu.

Mvulana mmoja alitaka kujitupa majini aogelee moja kwa moja. Msichana akamzuia. “Hapo ni pembamba,” akasema, “na mahali pembamba mkondo hukaza na kina huwa kirefu. Tutapita kule palipo papana, maji yanapofanya viwimbi vidogo. Huko chini pana mchanga.” Kisha akatazama huku na huku. “Nataka mti wa kupimia kina. Nani ana mti?”

Watoto wakanyamaza. Mti ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mlingoti wa kile kingalawa kilichokuwa kikielea mbele yao, tanga lake limejaa upepo. Kijana alisita. Alikuwa amekichonga chombo kile siku nyingi. Lakini akaitazama mikono ya mdogo wake, akaona inatetemeka. Akaingia majini, akaung'oa mlingoti, akampa yule msichana. Akakiacha chombo, maji yakakichukua, kikaenda zake pasipo tanga, wala hakukitazama tena.

Msichana naye aliliinua pakacha lake, akaona kwamba hawezi kulichukua na kushika mkono wa mtoto pamoja. Kombe zile zilikuwa chakula cha jioni cha nyumba yao. Akazimwaga.

Basi wakashikana mikono, mkubwa mbele na mkubwa nyuma, wadogo katikati. Kijana akampakata mdogo wake mgongoni. Msichana alipima kila hatua kwa ule mti. Akawaagiza wasiinue miguu juu, bali waiburute mchangani, ili kama taa amelala chini ashtuke aondoke, asimchome mtu kwa mwiba wake. Maji yalifika magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani pa kijana. Mara moja mchanga ulitoweka chini ya mti, nao wakarudi hatua mbili wakatafuta njia nyingine. Mwisho mti uligonga mchanga mgumu, maji yakaanza kupungua miilini mwao, nao wakafika nchi kavu. Wakakaa chini, wakamshukuru Mungu, na walipotazama nyuma, fungu lilikuwa limekwisha zama.

Njiani wale wavulana walisema, “Tusiseme neno nyumbani. Nani atajua?” Yule mdogo naye akasema, “Kaka, mimi sitasema.” Lakini kijana alikuwa bado ameushika ule mti mkononi, na mti ule ulimwelemea kama gogo. Alipofika alikwenda kwa babu yake, akapiga goti, akasema, “Shikamoo, babu. Niliung'oa mti wa alama nikaufanya mlingoti.” Akaeleza habari yote pasipo kuficha.

Babu yake alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Marahaba. Chombo chako kimepotea, na hiyo ni hasara yako mwenyewe. Lakini leo jioni iko nyumba moja isiyo na kitoweo kwa ajili yako. Hiyo ni deni.” Akampa samaki wawili katika wale aliowavua asubuhi, akampeleka awatoe kwa mkono wake mwenyewe na kumwomba radhi mama wa yule msichana.

Zilipopita siku 15, bamvua ilirudi, mwezi ulipoandama. Kijana akaenda tena fungu la mbali, safari hii na pakacha. Aliuchomeka mti kabla ya jambo lingine lolote. Akaokota kombe mpaka pakacha likajaa, kisha akakaa karibu na mti, akiangalia maji, na wenzake wakacheza. Maji yalipofika nusu ya mti, akasimama akaita. Wote wakaja. Lile pakacha akalipeleka kwa jirani.

Mzee alipomaliza hadithi yake, wajukuu walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, “Na kile kingalawa, babu, kilionekana tena?”

“Hakikuonekana,” akajibu. “Nimeunda vyombo vingi tangu siku ile, na vingine vimefika mbali. Lakini kile ndicho kilichonifundisha.”

Akainuka, akaingia karakanani, akatoka na mti mnyofu wenye urefu wa dhiraa mbili. Akampa mjukuu wake mkubwa, akasema, “Kesho ni bamvua. Ninyi nendeni mkacheze.”

MASWALI

1. Kwa nini vyombo hulala mchangani katika pwani ya Bagamoyo?
2. Maji ya bamvua huja mwezi ukiwa katika hali gani? Na maji mafu je?
3. Kwa nini mtu aliye juu ya fungu aweza kuzungukwa na maji asijue?
4. Msichana alichagua kuvuka mahali papana. Eleza sababu yake.
5. Watoto wawili waliacha vitu walivyovipenda au kuvihitaji. Ni vitu gani, na waliviacha kwa ajili ya nini?
6. Babu alisema, “Hiyo ni deni.” Kijana alililipaje deni hilo?