Gemu Uliyolipia Haichezeki: Namna ya Kudai Pesa Zako

Gemu ya kupakua haina sanduku wala diski ya kumrudishia muuzaji. Kwa hiyo inapokwama kila baada ya dakika chache, au isipofunguka kabisa, wanunuzi wengi husoma kauli ya duka kwamba mauzo yamekamilika na pesa hazirudi, kisha wakanyamaza. Kijitabu hiki ni cha mnunuzi aliyeko Kenya. Tunataka ajue kwamba kauli ya duka si sheria, na kwamba anayedai mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kulipwa.

Haki yako inatoka wapi

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, na kulipwa fidia kwa hasara iliyoletwa na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema pia kwamba haki ilizoziweka haziondolewi na mkataba wowote. Kubonyeza “nakubali” hakuzifuti.

Lakini tenganisha mambo mawili. Gemu mbovu, au isiyolingana na ilivyotangazwa, ni suala la sheria. Gemu nzima ambayo hukuipenda tu ni suala la masharti ya duka. Wengi huyachanganya, na dai zuri linakufa kwa sababu mtu ameandika “sijaipenda” ilhali tatizo lenyewe ni kwamba haifunguki.

Hoja ya “sisi tuko ng’ambo”

Duka la Steam ni la Valve, kampuni ya Marekani. Mwaka 2014 Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia iliishtaki kwa kuwapotosha wanunuzi kuhusu haki yao ya kurejeshewa pesa. Valve ilijitetea kwamba haifanyi biashara Australia na kwamba gemu za kupakua si bidhaa. Mahakama ya Shirikisho ilizikataa hoja zote mbili Machi 2016, na Desemba mwaka huo ikaitoza faini ya dola milioni 3 za Australia. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Sony Interactive Entertainment Network Europe: dola milioni 3.5, kwa kuwa miongoni mwa mengine iliwaambia wanunuzi kwamba haiwajibiki kurejesha pesa gemu ikishapakuliwa.

Hukumu hizo hazizifungi mahakama za Kenya. Tunazitaja kwa sababu ukidai, huenda ukajibiwa vivyo hivyo, na ni vyema ujue kwamba majibu hayo yamewahi kushindwa mahakamani.

Saa inahesabu

Steam hurejesha pesa bila kuuliza sana ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Ukiiacha gemu wazi ukaenda kupika, muda huo nao unahesabiwa. Kwa hiyo tumia nusu saa ya mwanzo kuangalia kama kompyuta yako inaiweza, kabla hujanogewa. Google Play hupokea maombi ndani ya saa 48. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji. GOG hutoa siku 30. PlayStation Store hutoa siku 14, ila haki hiyo hupotea mara unapoanza kupakua, isipokuwa gemu iwe na kasoro. Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mashine yako kabla ya kununua.

Ukidai, dai kwa maandishi, kupitia akaunti ile ile uliyonunulia. Usilalamike kwa jumla. Andika hivi:

“Nilinunua gemu hii tarehe fulani, namba ya risiti ni hii. Inajifunga yenyewe kila ninapofika hatua ya pili. Simu yangu inatimiza mahitaji mliyoyatangaza. Nimeizima na kuiwasha upya, nimeisakinisha tena, tatizo liko pale pale. Naomba kurejeshewa pesa zote kwa njia niliyolipia.”

Ambatisha picha ya skrini, risiti, na ujumbe wa M-Pesa au wa benki. Maneno “kwa njia niliyolipia” yasikosekane, maana maduka mengine hupenda kukupa salio la kununulia gemu nyingine badala ya pesa.

Kuiomba benki iyabatilishe malipo ni hatua ya mwisho. Duka linaweza kuifunga akaunti yako yote, pamoja na gemu nyingine ulizokwisha kuzilipia.

Mzazi, kama mtoto amenunua vito au sarafu za gemu bila ruhusa yako, omba siku hiyo hiyo na ueleze wazi kwamba mnunuzi alikuwa mtoto. Kisha weka nywila kwa kila malipo. Nchini Marekani, Apple na Google zilikubali mwaka 2014 kuwarejeshea wazazi dola milioni 32.5 na milioni 19, kila moja kwa kiwango chake, kwa malipo ya namna hii, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Duka likikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ukiwa na mawasiliano yote, likiwemo jibu la kukataa. Ikiwa muuzaji ana ofisi hapa nchini, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili kufika mbele yake.