Shangazi, niyaandike wapi maneno ya baba?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni binti wa Pangani, naishi Temeke, kazi yangu ni ushonaji. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na ameniachia daftari lenye majina ya samaki, ya pepo na ya maji ya bahari. Mwaka jana niliona niyaweke kwenye blogu ili wajukuu zake wayakute. Fundi mmoja wa kompyuta akanitengenezea tovuti ya WordPress kwa shilingi 250,000. Nimeandika makala saba tu. Sasa hapokei simu, nywila zote anazo yeye, na ujumbe wake pekee ni wa kudai hela ya mwaka wa pili. Shoga yangu anasema nihamie Blogger, ni bure. Mdogo wangu anasema blogu zimepitwa na wakati, niandike Facebook. Nimechoka, Shangazi, hata kalamu sishiki tena. Nifuate lipi?*

*Binti Mvuvi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa fedha zako.

Kwanza tuokoe kilichopo. Kama zile makala saba bado zinafunguka, zifungue leo hii kabla hujalala, unakili maneno yote na kujitumia kwa barua pepe, na picha uzihifadhi kwenye simu. Kama hazifunguki, ingia Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la kurasa za zamani za mtandao, uandike anwani ya tovuti yako. Huenda nakala ikawepo. Huyo fundi usimwongeze hata shilingi.

WordPress yenyewe haina kosa. Ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2003, na leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zimejengwa juu yake. Lakini hiyo uliyojengewa hukaa kwenye seva ya kukodi. Seva ina kodi yake, jina la tovuti lina ada yake ya kila mwaka, na programu inataka kusasishwa mara kwa mara, la sivyo wadukuzi wanaingia. Mtu anayeshona mchana kutwa na kuandika usiku kwa simu, ajitwishe hayo ya nini? Ulihitaji mtumbwi ukauziwa jahazi, kisha nahodha akaondoka na usukani.

Mdogo wako namwelewa. Ndugu zenu wako Facebook na WhatsApp, na huko ndiko watakakokusoma kwanza. Tatizo ni kwamba andiko la Facebook hufunikwa na mengine, na baada ya wiki hata wewe uliyeliandika utalitafuta. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kilwa au wa Lamu anayeuliza Google, "bamvua ni nini?" Huyo anataka ukurasa unaojitegemea, wenye kichwa chake, umweleze kwa maneno ya baba yako kwamba bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, na kwamba katikati yake huja maji mafu. Ukurasa huo aukute mwaka huu, na mwenzake aukute miaka mitano ijayo. Kwa hiyo blogu haijapitwa na wakati kwa kazi kama yako. Facebook na WhatsApp ziwe mahali pa kubandika kiungo.

Namuunga mkono shoga yako. Blogger ipo tangu 1999, na Google waliinunua mwaka 2003. Unaingia kwa akaunti yako ya Gmail, seva hulipii, na anwani ya bure huishia na blogspot.com. Usiionee haya. Mpigapicha Issa Michuzi alianzia kwenye Blogspot mwaka 2005, na Watanzania wa ndani na nje wakamfuata hukohuko. WordPress.com, ambako tovuti hukaa kwenye seva zao wenyewe, nayo ina huduma ya bure, na sura zake zinapendeza zaidi, ila ukitaka kutumia jina lako mwenyewe sharti ulipie kifurushi chao. Blogger hawakutozi kwa hilo. Utalipa jina tu, kwa msajili.

Na siku utakayonunua jina, lisajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako, na risiti ukae nayo. Ukisaidiwa, mlipe mtu ufundi wake, kisha badilisha nywila naye akiwa bado amekaa hapo. Kumwachia mtu nywila ndiko kulikokuponza, wala si WordPress.

Hata Google usiwaachie kila kitu. Yahoo waliifunga GeoCities, huduma yao ya kurasa za bure, mwaka 2009, na Google wenyewe waliifunga Google+, mtandao wao wa kijamii, mwaka 2019. Ndani ya mipangilio ya Blogger kuna mahali pa kupakua nakala ya makala zako zote. Ipakue kila mwisho wa mwezi. Siku ukitaka kuhama, WordPress inalipokea faili hilo.

Jambo moja la sheria. Mwaka 2018 zilitoka kanuni zilizowataka wenye blogu Tanzania kujisajili na kulipia leseni, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Majina ya samaki si habari za magazeti, lakini waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema uwe na amani.

Usihangaike na rangi wala nembo. Chukua daftari la baba, ulipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana penye mwanga mzuri, na picha hizo umtumie pia ndugu mmoja aliyeko Pangani. Daftari ni moja tu, na karatasi haihimili maji. Kisha andika ukurasa wa bamvua, uuchapishe, unitumie anwani. Nitausoma.