Simu ikikukumbusha dawa, nani husoma jibu lako?

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa umri wa miaka 58 aliletwa kwangu na binti yake. Hakuweza kuinua mkono wa kulia, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nilipompima shinikizo la damu nilipata 210 kwa 120. Nilimjua vizuri mama huyu. Alikuwa mgonjwa wangu wa muda mrefu, muuza mitumba, wala hakuwa mtu wa kupuuza afya yake. Nikamwuliza binti kama mamake alikuwa akimeza dawa. Binti hakusema neno. Alitoa simu ya mamake mkobani akanionyesha. Kila asubuhi saa mbili, kwa muda wa miezi minne, kliniki niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo ilikuwa imemtumia ujumbe uleule: "Kumbuka kumeza dawa yako ya presha leo." Zilikuwa jumbe zaidi ya mia moja. Na kwa miezi mitatu kati ya hiyo minne, mama hakuwa amemeza hata kidonge kimoja.

Sababu niliipata majuma kadhaa baadaye, ulimi ulipoanza kumrudia. "Daktari, ile dawa ilinikohoza usiku kucha," aliniambia. "Niliwajibu kwenye simu nikawaeleza. Mara mbili. Hakuna aliyenijibu."

Asingeweza kujibiwa. Namba ile ilikuwa ya kutuma tu, na maneno yake hayakufika popote. Dawa niliyompa ni enalapril, ambayo ni dawa nzuri ya shinikizo la damu, lakini huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua. Kila daktari analijua jambo hilo. Mgonjwa akilalamika, unambadilishia dawa, kwa mfano losartan, na kikohozi hutulia kwa siku au majuma machache. Ni kazi ya dakika tano. Dakika hizo tano hazikupatikana kwa sababu mitambo yetu ilijua kusema na haikujua kusikiliza.

Msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya utafiti uliofanywa na vyuo vikuu kuhusu simu na kompyuta katika matibabu. Usidhani ni habari za ng'ambo tu. Baadhi ya tafiti zinazotajwa sana duniani katika uwanja huu zilifanyiwa hapa Kenya, na wagonjwa wetu wenyewe ndio waliotoa majibu.

Neno "Mambo?"

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada walikuwa na swali moja. Je, ujumbe mfupi wa simu waweza kumsaidia mtu anayeanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi aendelee kuzimeza ipasavyo? Aliyeongoza kazi hiyo ni daktari Richard Lester, na miongoni mwa wenzake alikuwamo marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyepanda hadi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Dawa nyingi za wakati huo, kama nevirapine, zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Mgonjwa akiruka dozi mara kwa mara, dawa hupungua mwilini huku virusi vikizidi kuzaana, na badiliko dogo tu katika virusi hivyo hutosha kuifanya dawa ishindwe kabisa. Mtu akifika hapo alihitaji dawa nyingine, ghali zaidi na ngumu zaidi kupatikana.

Basi wakawachukua watu 538 kutoka kliniki tatu, mbili za Nairobi, ikiwemo ile ya Pumwani, na moja ya Kajiado. Wakawagawa kwa kura, kama mtu anayerusha sarafu, ili pasiwe na upendeleo. Watu 273 waliwekwa katika kundi la simu. Wengine 265 waliendelea na matunzo ya kawaida.

Na ujumbe wenyewe ulisema nini? Haukutaja dawa. Haukutaja ukimwi wala kliniki. Mara moja kwa juma muuguzi alituma neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Aliyenyamaza pia alipigiwa.

Baada ya mwaka mmoja, waliosema kwamba wamemeza zaidi ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa asilimia 62 katika kundi la simu, na asilimia 50 katika kundi jingine. Najua utasema kwamba watu humdanganya muuguzi ili wasimkasirishe. Ni kweli, nami hudanganywa kila siku. Ndiyo maana watafiti walipima damu pia, maana damu haioni haya. Wale ambao virusi vyao vilikuwa vimezimwa walikuwa asilimia 57 katika kundi la simu na asilimia 48 katika lile jingine. Ukipiga hesabu, kwa kila wagonjwa 11 waliotumiwa "Mambo?", mmoja zaidi alifanikiwa kuvizima virusi vyake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet la Uingereza.

Mtu mmoja kati ya kumi na mmoja waweza kuona ni wachache. Mimi sioni hivyo. Zipo dawa ninazoandika kila siku ambazo haziwezi kujigamba kiasi hicho, na hii ilikuwa bei ya ujumbe mfupi pamoja na muda wa muuguzi.

Mbona ya kila siku ilishindwa?

Mwaka uliofuata, 2011, yalitoka matokeo mengine, ya hospitali ya Chulaimbo karibu na Kisumu. Cristian Pop-Eleches wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wenzake waliwafuata watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa hizo hizo. Hapa hawakutegemea maneno ya mgonjwa. Chupa ya dawa ilikuwa na kifuniko chenye kifaa cha elektroniki kilichoandika kila mara chupa ilipofunguliwa.

Wengine walitumiwa ujumbe kila siku, wengine kila juma. Wengine ulikuwa mfupi, wengine ulikuwa na maneno ya kutia moyo. Kwa muda wa majuma 48, waliofikisha angalau asilimia 90 ya dozi zao walikuwa asilimia 53 kati ya waliokumbushwa mara moja kwa juma, na asilimia 40 kati ya wale ambao hawakukumbushwa kamwe. Waliotumiwa kila siku hawakuonekana kufaidika kuliko wasiotumiwa kitu.

Mtu anayeishi kando ya barabara ya matatu hulala usingizi wake vizuri, kwa sababu sikio limekwisha kuzoea. Naamini ndivyo ilivyo kwa ujumbe wa kila asubuhi: baada ya siku kumi unakuwa kelele kama kelele nyingine, na kidole huufuta kabla jicho halijausoma. Hata yale maneno ya kutia moyo hayakuongeza kitu. Hilo lilinichoma kidogo, maana sisi madaktari hupenda sana kuhutubu.

Lakini nisikupe picha nzuri kupita kiasi. Neno "Mambo?" lilijaribiwa tena katika mtaa wa Kibera, Nairobi, kwa watu 700 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na virusi. Safari hii swali lilikuwa tofauti: baada ya mwaka mmoja, je, bado wanakuja kliniki? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliobaki katika matunzo walikuwa asilimia 79 ya waliotumiwa ujumbe, na asilimia 81 ya wasiotumiwa. Hapakuwa na faida. Fikiri mwenyewe. Mtu aliyehama nyumba kwa kukosa kodi, au aliyepata kibarua mji mwingine, au asiyetaka jirani amwone kwenye foleni, ujumbe utamwondoleaje shida hiyo? Simu haitibu umaskini wala aibu. Nawaheshimu watafiti hao kwa kuchapisha matokeo yaliyowavunja moyo, kwa sababu wauza mitambo hawatakuambia habari ya namna hiyo.

Daktari naye husahau

Usifikiri ni mgonjwa peke yake anayehitaji kukumbushwa. Mnamo mwaka 1976, daktari Clement McDonald wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi wa udaktari angefaa kuusoma. Kompyuta ilisoma faili za wagonjwa na kumwandikia daktari ukumbusho: huyu anahitaji kipimo fulani, yule dawa yake ibadilishwe. Madaktari walipokumbushwa walichukua hatua katika asilimia 51 ya mambo yaliyohitaji hatua. Wasipokumbushwa, asilimia 22. Walikuwa madaktari walewale, wenye elimu ileile. Neno lake lilikuwa kwamba tatizo si ujinga. Akili ya binadamu haiwezi kubeba mambo yote hayo kwa wakati mmoja.

Chuo hichohicho cha Indiana kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa zaidi ya miaka 30, na mbegu hiyo ikapandwa huku. Mwaka 2001 rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot. Baadaye, katika kliniki ya watoto wenye virusi huko Eldoret, Martin Were na wenzake walifanya kompyuta ichape karatasi ya kila mtoto kabla hajaonwa, ikiorodhesha vipimo na matibabu yaliyochelewa. Matokeo ya mwaka 2013 yalikuwa haya: kazi zilizochelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 pale ukumbusho ulipotolewa, na asilimia 18 pale ambapo haukutolewa. Asilimia 18! Na hawa ni watoto. Kwa hiyo, ukiona daktari akitazama kompyuta kabla ya kukutazama wewe, mvumilie kidogo. Akiitazama muda wote bila kuinua macho, mkoholee.

Wewe ufanye nini?

Hospitali nyingi za mijini sasa huomba namba yako ya simu siku ya kwanza. Kabla ya kuitoa, uliza jambo moja: nikijibu ujumbe huu, nani atasoma? Wakikuambia hakuna, basi pokea ujumbe lakini omba namba nyingine ambayo mtu huishika. Iandike kwenye kadi yako ya kliniki, si kwenye simu tu, kwa sababu simu huibwa.

La pili, fikiri ni nani mwingine anayeishika simu yako. Ubora wa neno "Mambo?" ni kwamba mume, mke, mtoto au mwajiri akiliona hajui chochote. Ujumbe unaotaja jina la dawa au ugonjwa unaweza kuvunja nyumba kabla haujatibu mtu. Una haki ya kuomba maneno yabadilishwe au jumbe zisitishwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa siri zinazohitaji ulinzi wa pekee. Ukibadilisha namba, waarifu, la sivyo siri zako zitamfikia mgeni atakayepewa namba hiyo.

La tatu ndilo lililomwangusha mama yule. Dawa ikikusumbua, iwe ni kikohozi, kizunguzungu, kukojoa mno au hata nguvu za kiume kupungua, usiiache kimya kimya. Piga simu, au mtume mtu, au rudi mwenyewe hata kama siku yako haijafika. Shinikizo la damu halina maumivu, na mtu aliyeacha dawa anaweza kujiona mzima kabisa hadi asubuhi ile mkono unapokataa kuinuka. Halikadhalika, dawa za virusi za siku hizi, ambazo wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, ni imara kuliko zile za mwaka 2007, lakini haziwezi kufanya kazi zikiwa kabatini.

Na kama hospitali yako haina mpango wowote? Hapa nasema kwa mawazo yangu mwenyewe, si kwa utafiti. Chagua mtu mmoja unayemwamini, mkubaliane siku moja ya juma. Asikuamrishe umeze dawa. Akuulize tu hali, nawe umjibu kweli, na ukinyamaza siku mbili akupigie.

Mama yule yuko hai. Anatembea kwa mkongojo, duka la mitumba analiendesha binti yake, na shinikizo lake mwezi uliopita lilikuwa 134 kwa 82 kwa losartan na kidonge kingine cha maji. Kila Jumapili jioni mimi humtumia "Mambo?" kwa simu yangu mwenyewe. Kwa kawaida hujibu kabla sijaiweka simu chini. Juma lililopita aliandika "Shida". Nilipompigia, nilikuta ni bei ya dawa iliyopanda katika duka la dawa analolijua, tukaongea juu ya hilo kwa dakika kumi.