Begi Apange Mwenyewe

*Shangazi, mwanangu yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Darasani hainui mkono hata akijua jibu. Shule yao inaandaa safari ya Tuzo ya Rais, walale nje usiku mmoja. Baba yake anasema aende akakomae. Begi nimeshampangia, mwalimu nimemwomba amweke kundi moja na binamu yake, na nimemnunulia simu ndogo aifiche kwenye soksi. Je, safari hii itampa kujiamini au itamwaibisha?*
*Mama T., Nakuru*

Mama T., barua nzima unahangaika wewe. Kijana kazi yake ni kuogopa tu.

Mume wako naye apunguze ukali. Safari hiyo si kambi ya jeshi. Na muulize mtoto leo kama ananyamaza darasani kwa sababu kuna anayemwonea.

Sasa tuje kwenye simu. Unadhani umemfichia msaada, kumbe umempa ujumbe: hata mama haamini kwamba nitaweza. Atautembeza ujumbe huo mlimani na bondeni, na mwalimu akiikamata simu, fedheha uliyoiogopa utakuwa umeinunua mwenyewe.

Tuzo ya Rais, mpango wa kukuza vijana, ipo Kenya tangu 1966, na safari yake ina utaratibu. Katika ngazi ya shaba, vijana hufunzwa kwanza, kisha hutembea siku mbili kwa kundi. Njia wanaichagua wao, mzigo wanabeba wao, chakula wanapika wao. Walimu huwaangalia kwa mbali. Siri iko hapo hapo. Kijana akisoma ramani vibaya, kundi zima litarudi nyuma pamoja naye. Akiunguza ugali watamcheka, kisha wataula, maana hakuna mwingine. Asubuhi atagundua kwamba alikosea mbele ya watu na bado wanamwita waende. Mwoga wa kuinua mkono anahitaji somo hilo kuliko mahubiri yote ya "jiamini". Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Usitarajie arudi mhubiri. Usiku mmoja ni mwanzo tu.

Mwalimu muulize ya maana: nani anajua huduma ya kwanza, na kundi likikwama litafikiwaje. Umwambie pia ombi la binamu umeliondoa. Simu ibaki nyumbani. Begi limwage kitandani, mpe kijana orodha ya shule, kisha utoke chumbani. Akisahau sweta ataona baridi usiku mmoja, na safari ijayo hatalisahau.