NESI MMOJA, VITABU VINGI

Hebu tuchukue mfano. Ni masika. Mto Mbwemkuru umejaa na njia ni tope tupu. Mdogo wako anachemka homa, umembeba mgongoni hadi zahanati. Nje kuna foleni. Ndani kuna nesi mmoja tu.

“Shikamoo nesi.”

“Marahaba mwanangu. Kaeni hapo kwanza, huku ndani kuna mama anajifungua.”

Saa moja inapita, ya pili nayo. Watu wanaanza kunung’unika: “Nesi huyu ana maringo!” Lakini je, ni maringo kweli? Mtu huyohuyo anazalisha, anapima watoto, anachoma sindano na kutoa dawa. Usiku ndipo anafungua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, akijaribu kukumbuka leo alihudumia wangapi. Akichoka, wengine hawaandikwi.

HATUKO PEKE YETU

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dunia ilipungukiwa watumishi wa afya wapatao milioni 4.3. Nchi 57 zilikuwa na upungufu mkubwa, Tanzania ikiwemo. Kipimo kilichotumika ni madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Nchi nyingi zilizokuwa chini ya hapo zilishindwa kuwapatia akina mama wengi wahudumu wenye ujuzi wakati wa kujifungua.

Mwaka 2008 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Kampala, Uganda, kulizungumzia tatizo hili. Mwaka 2010 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana nchi tajiri zisichukue ovyo madaktari na wauguzi wa nchi zenye upungufu. Makubaliano hayo ni ya hiari, hayana adhabu. Mwaka 2016 ukapitishwa mkakati wa hadi mwaka 2030, unaozitaka nchi pia ziweke kumbukumbu sahihi za watumishi wake: ni wangapi, wako wapi, wana ujuzi gani.

KUHESABU KUNASAIDIA NINI?

Mwaka huohuo wa 2016, serikali yetu ilitangaza kugundua watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika utumishi wa umma. Hawa ni majina yanayolipwa mshahara bila mtu kuwepo kazini. Jina hewa likikaa kwenye orodha ya zahanati, huko juu nafasi itaonekana imejazwa. Nani ataleta nesi mwingine?

Tena, ipo njia ya kupanga watumishi kwa kupima wingi wa kazi, na Tanzania imewahi kuitumia. Hapo vitabu vya nesi wetu ndivyo mashahidi wake. Wagonjwa 60 wakihudumiwa na 35 tu wakaandikwa, kazi itaonekana nyepesi.

Umeona mtego huo? Anayehitaji msaidizi kuliko wote ndiye hana muda wa kuandika ushahidi kwamba anamhitaji!

WEWE UFANYE NINI?

Ukifika zahanati, kumbuka kuchukua kadi au daftari lako. Taja jina, umri na kijiji chako bila kuficha. Hakikisha umeandikwa. Kwenye mkutano wa kijiji, mwombe mzazi aulize: ikama ya zahanati yetu ni watumishi wangapi, na waliopo kazini ni wangapi? Ni haki yenu kujua. Na kama unapenda Baiolojia na Kemia, usikate tamaa. Huenda nesi wa pili ukawa wewe.

JARIBU NA WENZAKO

1. Tarafa ina watu 10,000. Kwa kipimo cha 2.28, inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga wangapi? (Jibu: karibu 23.) Je, kwenu wapo wangapi?

2. Foleni ni ndefu na nesi yuko peke yake. Atibu kwanza au aandike kwanza? Jadilini.