UFUPISHO: Tenga Hoja na Mapambo

Mtahiniwa, alama nyingi za ufupisho hupotea pale unaponakili sifa na kuacha hoja. Soma kifungu hiki, kisha ujibu swali.

Merion ni klabu binafsi ya gofu iliyoko Ardmore, Pennsylvania, nchini Marekani. Ina sifa kubwa na uwanja wa kupendeza. Mara kadhaa imeandaa mashindano ya ubingwa wa Marekani kwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiocheza kwa malipo. Mwaka 1916 Bobby Jones alishiriki hapo akiwa na umri wa miaka 14 tu. Mwaka 1924 alirudi akatwaa ubingwa huo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1930 aliutwaa tena hapo hapo, akakamilisha mataji yote manne makubwa ya enzi hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Swali: Kwa maneno yasiyozidi 30, eleza mafanikio ya Jones katika klabu ya Merion.

Jibu: Jones alitwaa ubingwa wa Marekani wa ridhaa Merion mwaka 1924. Mwaka 1930 aliutwaa tena hapo, akakamilisha mataji manne makubwa katika mwaka mmoja.

Zingatia: "Sifa kubwa" na "uwanja wa kupendeza" ni mapambo, yaache. Umri wa Jones ni habari ya kweli, lakini kushiriki si kushinda, na swali limeuliza mafanikio. Kabla ya kuandika hoja, jiulize: je, inajibu swali? Mwisho, hesabu maneno yako.